Mkia Uliobaki Mkononi

Palizi ya pili, Ahero,
maji kifundoni, jua kisogoni,
Asewe alipiga kelele moja tu, "Nyoka!"
na wanawake saba wakawa juu ya tuta
kabla neno halijatua.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Sisi hatujaumwa. Tumesimuliwa tu,
na hilo limetutosha.

Jembe likapanda. Nikasema, ngoja.
Sijui kwa nini. Labda kwa sababu asubuhi ile
nilimwona akipita chini ya lango la mfereji wa nne,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani,
tumbo la manjano kama ndani ya ganda la ndizi,
bila haraka ya mwenye hatia.

Nikamshika mkia. Akajizungusha
mara moja, mara mbili, kama mtu anayekamua nguo,
kisha nikasikia, hapana, nilihisi
kitu kikiachia.
Yeye akazama mpungani.
Mimi nikabaki na kipande cha urefu wa kidole
kikijinyonganyonga kiganjani,
kikiendelea na safari isiyo na kichwa.

Wanawake walicheka mpaka Nyangweso akakaa majini.

Tangu siku hiyo namfuatilia.
Mimi ndiye mfungua maji; kazi yangu ni kusubiri,
na anayesubiri huona.
Si mkubwa. Nimempima kwa macho dhidi ya mpini wa jembe:
hafiki nusu.
Hana sumu ya kumtisha hata bata.
Hula vyura wadogo na visamaki vilivyopotea njia.
Chura humkamata popote anapomfikia, mguu kwanza ikibidi,
na chura huendelea kulia akiwa ameshaingia nusu,
sauti ikififia kama redio inayoishiwa betri.
Hapo huwa natazama pembeni.
Kisha natazama tena.

Oktoba macho yake yaligeuka meupe, maji ya kuoshea mchele.
Siku mbili hakuonekana. Ya tatu nikakuta gamba
limenaswa kwenye nyasi, ndani nje, kama soksi ya mtoto aliyechoka,
na mwisho wake haukuchongoka.
Ulikuwa kisiki.
Ndivyo nilivyojua ni yeye.

Halafu mayai: sita,
chini ya lundo la mabua yanayooza, penye joto la mkate.
Kumbe ni jike, na mimi nimekuwa nikimwita bwana.
Nilirudisha mabua taratibu.
Usiniulize waliangua wangapi.
Yangeyange walikuwa wengi juma lile.

Mjusi akikatika mkia huota mwingine.
Huyu haoti. Nilimuuliza Obunga, mwalimu wa sayansi,
akasema ndivyo: ukikatwa umekatwa,
na akikamatwa tena atatoa kilichobaki, kidogo kidogo,
mpaka asiwe na cha kutoa.

Kidole changu cha shahada kilibaki kinuni,
mwaka ule mkanda wa mashine ya kukoboa ulipoivuta glavu.
Watu huniuliza kama kiliuma.
Hawaniulizi nilitokaje.

Kiangazi mfereji ulifungwa.
Udongo mweusi ukapasuka, nyufa za kumeza mguu wa mbuzi,
naye akashuka humo, nadhani, chini kwenye unyevu,
sisi tukiwa juu tunahesabu madeni ya mbolea.

Leo maji yamerudi.
Saa kumi na mbili na robo nimeinua lango kwa vidole vinne.
Ilitangulia takataka, kisha povu,
kisha yeye, mfupi kuliko alivyopangiwa,
kichwa juu ya maji, ulimi ukionja mwaka mpya.

Asewe alikuwa akikunja sketi ukingoni.
Akamwona. Akachukua jembe.
Akaliegemea.

"Ni yule wako," akasema.
"Mwambie apite upesi, nina mistari minne ya kupalilia."

Sikumwambia.
Alipita kwa mwendo wake.